Heri Marufuku Kuliko Mizani Inayosogezwa

Wapo wenzangu darasani, tena wenye kunishinda kwa mbali katika hesabu, ambao ukiwauliza ni supachaja ipi ifungwe kwenye gari la mbio za dragi hawakuachi umalize swali. Ya parafujo, wanakujibu. Kwa nini? Kwa sababu ufanisi wake ni mkubwa. Basi, mjadala umekwisha na madaftari yamefungwa. Insha hii inawapinga hao. Inawapinga pia wanaolichukua jibu hilo na kuligeuza fimbo ya kuwachapia watunga kanuni wa Marekani, wakidai kwamba kuipiga marufuku mashine yenye ufanisi mkubwa ni ushamba wa watu wanaoogopa maendeleo. Mimi nashikilia kwamba swali la supachaja ipi ni bora halina jibu mpaka kanuni za daraja ziwekwe mezani. Tena nashikilia kwamba kanuni inayokataza waziwazi humfaa mhandisi kuliko ile inayokaribisha kila mashine, kisha ikawa inasogeza uzito kila mara mtu anaposhinda.

Ndugu zangu wa fasihi na isimu wasitishike, jambo lenyewe si gumu. Katika mbio za dragi magari mawili husimama sambamba, taa zikawaka, yakaondoka kutoka kusimama kabisa hadi mwisho wa barabara iliyonyooka. Umbali wa jadi ni robo maili, yaani mita 402. Hakuna kona na hakuna mzunguko wa pili. Shirika kubwa la mbio hizi, NHRA, lilianzishwa na Wally Parks huko California mwaka 1951, na tangu mwanzo kazi yake kubwa imekuwa kugawa magari katika madaraja, ili gari la mtu wa mtaani lisipangwe dhidi ya zimwi lenye injini ya maabara. Kila daraja lina kitabu chake cha kanuni: ukubwa wa injini, aina ya mafuta, upana wa tairi, uzito wa chini, na namna ya kuilisha injini hewa.

Hewa ndiyo kiini cha ugomvi wetu. Injini haikosi nguvu kwa kukosa mafuta, maana mafuta ni rahisi kumwaga. Hukosa nguvu kwa kukosa hewa ya kuyachomea. Kwa hiyo watu hufunga mashine ya kushindilia hewa ndani ya silinda. Ikiendeshwa na moshi unaotoka, huitwa turbo, na hiyo ndiyo vijana wetu wa Subaru hapa Kampala hubishania hadi usiku. Ikiendeshwa na injini yenyewe, kwa mkanda au gia kutoka kwenye krenkishafti, huitwa supachaja. Leo nazungumzia supachaja, nazo ziko za aina tatu.

Ya kwanza ni ya Roots. Ndugu wawili wa Connersville, Indiana, Philander na Francis Roots, waliipatia hataza mwaka 1860, wakati ambapo hapakuwa na gari la petroli popote duniani. Ilikuwa mashine ya kupulizia hewa viwandani. Ndani yake mna rota mbili zinazopishana bila kugusana, zikibeba hewa katika mifuko iliyo kati ya rota na ukuta wa kasha, kutoka upande wa kuingilia hadi upande wa kutokea. Shikeni jambo moja hapa, kwa sababu ugomvi wote unalizunguka: Roots haigandamizi hewa ndani yake. Inaihamisha tu. Mfuko unapofunguka upande wa pili, hewa yenye shinikizo iliyotangulia kule hurudi nyuma ghafla na kuikandamiza hiyo iliyoletwa. Ni kama kupakia abiria kwenye matatu kwa kumsukuma wa mwisho kwa mlango. Abiria anaingia, lakini kwa jasho.

Mashine hii iliingia kwenye mbio kwa njia ya basi na lori. Injini za dizeli za General Motors za mtindo wa 71, zilizotoka mwaka 1938, zilikuwa za mipigo miwili. Injini ya namna hiyo haiwezi kujivutia hewa yenyewe, kwa hiyo kila moja ilikuja na kipulizio cha Roots ubavuni. Namba 71 ni ujazo wa silinda moja kwa inchi za ujazo, kama lita 1.16, na 6-71 maana yake ni silinda sita. Baada ya vita vikuu vya pili vipulizio hivyo vilipatikana kwa bei ya chuma chakavu, na mwishoni mwa miaka ya 1940 Barney Navarro wa California akafunga cha 3-71 juu ya injini ya Ford V8. Kilichofuata mnakiona leo: magari yenye kasri la alumini juu ya injini. Kubwa linalotumika huitwa 14-71, ingawa General Motors haikuwahi kutengeneza injini ya silinda 14 katika mtindo huo. Namba imebaki kama jina la ukoo.

Ya pili ni ya parafujo, aliyoistawisha mhandisi wa Sweden, Alf Lysholm, katika miaka ya 1930. Ina rota mbili zilizosokotwa, dume na jike, na hewa inayoingia hubanwa katika nafasi inayozidi kuwa ndogo kadiri inavyosonga mbele. Hii kweli hugandamiza ndani. Ya tatu ni ya sentrifuga, ambayo ni sawa na nusu ya turbo: feni yenye mapanga inayozungushwa kwa kasi kubwa mno kupitia gia, ikiirusha hewa pembeni. Shinikizo lake hupanda takriban kwa mraba wa kasi, maana yake injini ikiwa katika nusu ya mzunguko wake wa juu, utapata kama robo tu ya shinikizo.

Sasa niwape wapinzani wangu haki yao yote, tena kwa hesabu, wasije wakasema nimeikwepa. Kwa kuwa Roots huikandamiza hewa kwa mkupuo mmoja dhidi ya shinikizo lote la upande wa pili, inafanya kazi nyingi kuliko inayohitajika. Ukiandika kazi hiyo kwenye karatasi na kuigawanyia kazi ya mgandamizo bora usiopitisha joto, utapata kikomo ambacho Roots haiwezi kukivuka hata ikitengenezwa na malaika. Shinikizo likiongezwa mara 2, kikomo cha ufanisi ni kama asilimia 77. Likiongezwa mara 3, ni asilimia 65. Mara 4, ni asilimia 57. Na hapo bado hatujahesabu hewa inayovuja kati ya rota na kasha. Parafujo haina laana hiyo, wala sentrifuga. Chukua hewa ya nyuzijoto 27 na uiongezee shinikizo mara 2. Kwa mashine ya ufanisi wa asilimia 75 itatoka ikiwa na nyuzijoto 115 hivi. Kwa ya asilimia 55, itatoka na 146. Hewa ya moto ni hewa nyembamba, na tofauti hiyo pekee ni kama asilimia 8 ya uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda. Katika mchezo unaoamuliwa kwa sehemu ya mia ya sekunde, asilimia 8 ni mlima.

Wenzangu huishia hapo. Wamefika kwenye asilimia 8, wakaweka kalamu chini. Lakini hewa hiyo haiingii kwenye silinda peke yake. Inaingia na mafuta, na mafuta huamuliwa na kanuni.

Tuanze na petroli. Kilo moja ya hewa huchoma takriban gramu 68 za petroli. Mafuta yanapogeuka mvuke hunyonya joto kutoka kwenye hewa, na petroli hunyonya kama kilojuli 350 kwa kilo. Piga hesabu: kilojuli 24 hivi kwa kila kilo ya hewa, yaani hata kama tone zima lingevukizwa kabla ya kuingia, hewa ingepoa kwa nyuzijoto 24 tu. Sasa weka methanoli. Kilo ya hewa inahitaji gramu 156, na methanoli hunyonya kilojuli 1,100 kwa kilo. Hiyo ni kilojuli 172. Endelea hadi nitromethani: kilo ya hewa inachukua gramu 588 za mafuta hayo, yanayonyonya kama kilojuli 560 kwa kilo, na jumla inapita kilojuli 320. Najua si yote huvukizwa kwa wakati, na najua kwamba timu humwaga mafuta mengi kuliko kipimo cha kikemia. Hata ukikata namba hizo katikati, ziangalie kando ya zile nyuzijoto 31 zinazoitenganisha Roots na parafujo katika mfano wangu. Kwenye petroli, mafuta hayawezi kuifuta tofauti hiyo. Kwenye methanoli yanaifuta na kubakiza. Kwenye nitromethani, tofauti hiyo haiamui tena kitu.

Na mafuta yakimwagwa juu ya supachaja yenyewe, kama yanavyofanywa katika magari makubwa, hufanya na kazi ya pili ambayo jedwali la ufanisi halina safu yake: huziba nyufa kati ya rota na kasha. Uvujaji, ambao ni aibu ya pili ya Roots, hupungua kwa sababu ya kimiminika kilekile kinachoipoza. Mcheza kwao hutunzwa, na hapa Roots inacheza kwao.

Ndiyo maana ninaposikia mtu akisema kwamba daraja la Top Fuel linatumia teknolojia ya babu, huwa namwomba anionyeshe hesabu zake. Kanuni za daraja hilo zinaruhusu injini ya inchi za ujazo 500, yaani lita 8.2, mafuta yenye nitromethani isiyozidi asilimia 90, na supachaja ya Roots isiyozidi 14-71. Parafujo hairuhusiwi, sentrifuga hairuhusiwi, turbo hairuhusiwi, wala kipoza hewa. Kasi ya supachaja ikilinganishwa na ya krenkishafti nayo ina kikomo, na msokoto wa rota umewekewa mpaka. Ndani ya uzio huo mwembamba, injini hizi hutoa nguvu farasi zaidi ya 11,000, na gari hupita kilomita 530 kwa saa katika umbali wa futi 1,000, ambao ni mita 305. Umbali ulifupishwa kutoka robo maili mwaka 2008, baada ya kifo cha Scott Kalitta kule Englishtown, New Jersey. Nakitaja kifo hicho kwa makusudi. Wanaodai kwamba kanuni ni adui wa uhandisi huzungumza kana kwamba kasi haina mwisho na barabara haina ukuta.

Sasa twende kwenye daraja ambalo wapinzani wangu wana haki. Factory Stock Showdown ni mbio za magari maalumu yanayotoka viwandani, yakitumia petroli na tairi nyembamba. Cobra Jet ya Ford ya mwaka 2018 ilitoka kiwandani na injini ya lita 5.2 ikiwa na supachaja ya parafujo ya Whipple ya lita 3.0. Sawa kabisa. Mafuta ni petroli, ambayo haipozi kitu cha maana, kwa hiyo kila nyuzijoto inayookolewa ndani ya kasha ni mali. Hapo mimi mwenyewe ningeifunga parafujo, na mtu aliyenishauri Roots kwa sababu ameiona juu ya magari ya Top Fuel ningemwona hakuelewa kitu. Ila tazameni ni nini kilichoipa parafujo ushindi. Mafuta ndiyo yaliyoipa. Na mafuta yalichaguliwa na kitabu cha kanuni kabla fundi hajashika spana.

Kuhusu sentrifuga nitasema machache, lakini makali. Inadharauliwa kwa hesabu ileile ya robo ya shinikizo, kwamba gari halitaondoka. Anayesema hivyo anafikiria gari la kwenda sokoni. Gari la dragi haliondoki kwa mizunguko 1,000 ya injini. Klachi inayoteleza au gia ya otomatiki huiacha injini ipande juu kabla gurudumu halijasogea, na inapobadilisha gia haishuki sana. Sehemu ya chini ya mchoro, ambako sentrifuga ni dhaifu, hutumika kwa kitambo kifupi mno. Zaidi ya hapo, katika madaraja yenye kanuni ya tairi ndogo, udhaifu huo ni zawadi. Tairi ndogo haiwezi kupokea nguvu yote mara moja, itazunguka mahali pamoja na kutoa moshi. Roots inayotoa shinikizo lote tangu mwanzo inamlazimu fundi atafute namna ya kuinyima injini nguvu. Sentrifuga humpa nguvu inayopanda pamoja na kasi ya gari, yaani pale tairi inapokuwa tayari kuipokea. Tena ni nyepesi, na inakaa mbele ya injini badala ya kuziba macho ya dereva. Kwa hiyo kanuni ya upana wa tairi, ambayo haitaji neno supachaja hata mara moja, ndiyo iliyochagua supachaja.

Hapo nadhani nimeshawajibu wa jedwali. Waliobaki ni wale wa fimbo, na hoja yao ni nzito zaidi: kwamba hata kama kila daraja lina mashine yake, kwa nini kupiga marufuku? Waacheni wote waingie, kisha wenye mashine kali wabebeshwe uzito zaidi. Inasikika kama haki. Inasikika hata kama demokrasia, na ndiyo maana katika mijadala yetu hushangiliwa.

Mfano hai upo, nao ni daraja la Pro Mod la NHRA. Humo hukutana magari ya Roots, ya turbo na ya gesi ya naitrasi oksidi, na baadaye sentrifuga nazo zikaruhusiwa. Kila aina ina uzito wake wa chini na vikomo vyake, na shirika limekuwa likivirekebisha, hata katikati ya msimu, ili aina moja isitawale. Mimi sisemi kwamba warekebishaji wana hila. Nasema kwamba mfumo wenyewe hufundisha tabia mbaya. Tuseme gari moja la aina fulani limeshinda mara tatu mfululizo, na aina hiyo ikaongezewa kilo 20. Adhabu hiyo haimwangukii mshindi peke yake. Inamwangukia na yule wa aina hiyohiyo aliyemaliza wa kumi na mbili, aliyekopa pesa kununua mashine hiyo mwezi wa pili, ambaye hakumtisha mtu yeyote. Na mshindi naye anajifunza nini? Anajifunza kutoonyesha kasi yake yote kwenye mazoezi. Anapunguza kidogo, anashinda kwa pua, anakaa kimya. Mhandisi ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta kasi sasa analipwa kuificha.

Halafu kuna swali ambalo sijawahi kusikia likiulizwa katika mjadala huu, nalo kwangu ndilo linaloamua: mkaguzi ataikagua vipi? Kanuni isiyokaguliwa ni nasaha tu. Roots ni mashine ya kuhamisha ujazo. Kila mzunguko hubeba kiasi kilekile cha hewa, kasoro uvujaji. Ukijua ukubwa wa kasha na uwiano wa kasi yake na ya krenkishafti, unajua karibu yote unayohitaji kujua. Ukubwa unapimwa kwa rula. Uwiano wa kasi unapatikana kwa kuhesabu meno ya puli mbili, ya juu na ya chini, na kugawanya. Mkaguzi mwenye macho na vidole anamaliza kazi kabla injini haijapoa.

Parafujo nayo huhamisha ujazo, kwa hiyo meno ya puli yanahesabika vilevile. Lakini ina siri tumboni: uwiano wa mgandamizo wa ndani, unaotegemea umbo la rota na mahali ulipokatwa mlango wa kutokea. Kasha mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na tabia mbili tofauti kwa ndani. Isitoshe, uwiano huo ukiwa mkubwa kuliko shinikizo linalohitajika, mashine hugandamiza kupita kiasi na kupoteza nguvu bure. Hilo wapenzi wa jedwali hawalitaji, kwa sababu asilimia yao ilipimwa pale tu mashine ilipokuwa na raha zake. Sentrifuga ni ngumu zaidi kuikagua. Hewa yake inategemea kipenyo cha feni, umbo la mapanga, uwiano wa gia zilizofichwa ndani ya kasha, na hata upinzani wa injini iliyo mbele yake. Hesabu meno ya puli upendavyo, bado hujui.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba Top Fuel inakubali Roots pekee, sioni woga. Naona watu waliochagua mashine inayoweza kupimwa kwa rula mbele ya mshindani wako, naye akaridhika kwamba hukuiba. Katika mchezo ambamo mikanda maalumu na blanketi la kuzuia vipande hufungwa juu ya supachaja kwa sababu hulipuka kweli, mashine inayojulikana tabia zake kwa miongo mingi si jambo la kubeza.

Nimejibiwa kwamba marufuku huua ubunifu. Haya, tuutafute maiti wake. Kipulizio kilichotolewa kwenye lori kilivuja vibaya. Leo ncha za rota zina vipande vya Tefloni vinavyoziba nafasi hiyo. Top Fuel haina sanduku la gia la kubadilisha. Ina klachi ya sahani nyingi inayokazwa hatua kwa hatua kwa muda uliopangwa, na ndani ya klachi hiyo mna werevu unaotosha tasnifu kadhaa. Pampu ya mafuta inaweza kusukuma zaidi ya lita 300 kwa dakika, na kuzigawa lita hizo kati ya kofia ya supachaja, mlango wa hewa na silinda yenyewe ni elimu nzima. Ubunifu haukufa. Ulipofungiwa mlango wa supachaja uliingia kwa klachi na kwa mafuta. Watengenezaji wa parafujo nao hawakufunga maduka, walipata nafasi katika madaraja ya methanoli, ambako walifanikiwa sana. Mtu aliyekatazwa kitu kimoja kwa lugha iliyo wazi anajua pa kupeleka akili yake Jumatatu asubuhi. Mtu aliyeruhusiwa kila kitu kwa mizani inayosogezwa hajui, kwa sababu hajui mizani itakuwa wapi ifikapo Ijumaa.

Nikubali kwamba marufuku ina gharama yake. Kuna mtu mahali fulani ambaye ana parafujo nzuri sana na hatawahi kuiona ikipumua nitromethani siku ya fainali. Hiyo ni hasara halisi, na mimi ningependa kuiona pia. Lakini hasara hiyo inajulikana mapema na ni ya wote sawa. Haimfuati mtu mmoja baada ya ushindi wake wa tatu.

Wahadhiri wetu, nanyi mna sehemu yenu hapa, na naisema kwa heshima. Mtihani unapouliza ni kigandamizi kipi kina ufanisi mkubwa zaidi, unampa maksi mwanafunzi aliyekariri safu ya mwisho ya jedwali. Muulizeni badala yake hivi: daraja linatumia methanoli, tairi ni pana, supachaja za Roots na za parafujo zinaruhusiwa, ila ya parafujo imewekewa kasi ndogo na uzito zaidi. Chagua, kisha utetee. Atalazimika kukokotoa joto la mvuke, ujazo kwa mzunguko, na bei ya kila kilo katika sekunde. Huenda akachagua parafujo, na huenda akawa sahihi. Mimi katika daraja kama hilo ningeanza na Roots, kwa sababu methanoli imeshanilipia deni la joto, na uzito ambao sikubebeshwa sihitaji kuusukuma kutoka kusimama. Mwenzangu aje na namba zake, tubishane kwa namba.

Na wanaotaka parafujo iingie Top Fuel, mimi siwazuii kuomba. Waandike kanuni yao ya mistari mitatu: ukubwa, kasi, na huo uwiano wa ndani. Kisha watuonyeshe mkaguzi ataupimaje uwiano huo uwanjani, kasha likiwa bado limefungwa juu ya injini ya moto na gari jingine likiwa limeshapanga foleni nyuma yake.